Kimya cha Wakurugenzi

Kila mwaka tunapofika kwenye mada ya kampuni, wanafunzi huniuliza swali moja: inakuwaje mkurugenzi ambaye hakuiba, hakudanganya wala hakughushi ashtakiwe kwa sababu tu hesabu za mwaka za kampuni hazikufika kwa Msajili? Wengi huiona adhabu hiyo kuwa ni ukali wa kirasimu juu ya karatasi. Historia inatoa jibu jingine. Wajibu wa kuwasilisha hesabu ni bei ya upendeleo mkubwa ambao sheria imewapa wenye kampuni, na bei hiyo hudaiwa kwa wakurugenzi wenyewe kwa sababu hakuna mwingine wa kuilipa.

Historia hiyo inaanzia Uingereza, kwa kuwa ndiko ilikotoka sheria yetu ya makampuni. Mwaka 1844, William Gladstone akiwa kiongozi wa Bodi ya Biashara, Bunge la huko lilipitisha sheria iliyoruhusu kampuni kuundwa kwa kusajiliwa tu, bila kibali maalumu cha Malkia au cha Bunge. Sheria hiyo iliagiza mizania ikaguliwe na nakala yake ipelekwe kwa msajili. Wakati huo wenye hisa hawakuwa na kinga: kampuni ikishindwa kulipa madeni, walilipa kwa mali zao. Kinga ilikuja mwaka 1855, Bunge lilipokubali dhima yenye ukomo, yaani mwenye hisa asidaiwe zaidi ya thamani ya hisa alizochukua. Mwaka uliofuata, sheria mpya iliyosimamiwa na Robert Lowe iliihifadhi kinga hiyo na kuufuta wajibu wa hesabu. Lowe aliamini kwamba serikali haina kazi ya kuingia kati ya wafanyabiashara. Anayekopesha na aulize mwenyewe.

Hapo ndipo mizani ilipoinama. Mwaka 1844 kulikuwa na hesabu bila kinga. Tangu 1856 kukawa na kinga bila hesabu. Hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya nusu karne.

Hata hivyo, wazo la kumwadhibu mtu binafsi lilikuwapo tayari. Sheria ya 1862 ilizitaka kampuni zipeleke kwa msajili kila mwaka orodha ya wanahisa na muhtasari wa mtaji. Kwa kila siku ya kuchelewa iliweka faini isiyozidi pauni 5, si kwa kampuni peke yake, bali pia kwa kila mkurugenzi au meneja aliyeruhusu jambo hilo kwa kujua. Mwaka 1875, katika kesi ya Gibson dhidi ya Barton, mtendaji wa kampuni alijitetea kwamba orodha haikuweza kuandaliwa kwa kuwa mkutano mkuu wa mwaka haukufanyika. Mahakama ilikataa: mtu hawezi kuufanya uzembe wake mwenyewe kuwa ngao yake. Utetezi wa namna hiyo bado tunausikia hadi leo, ila umebadili mavazi. Mkaguzi hajamaliza, mkutano haujaitishwa, mhasibu ameacha kazi.

Oktoba 1878, City of Glasgow Bank ilifunga milango yake. Benki hiyo ilikuwa ikitoa mizania kila mwaka, lakini mizania hizo zilikuwa za uongo. Wanahisa wake 1,819 hawakuwa na kinga ya ukomo, hivyo mzigo wa madeni ukawaangukia wao. Ni 254 tu waliosalimika bila kufilisika. Januari 1879, wakurugenzi sita na meneja walitiwa hatiani mjini Edinburgh. Wawili walifungwa miezi 18, watano miezi 8. Kesi hiyo ilithibitisha kwamba mizania inaweza kumpeleka mkurugenzi gerezani. Lakini iliacha pia somo la hatari: waliofungwa ni wale walioandika. Kampuni ya kawaida ambayo haikumwonyesha mtu yeyote mizania yake haikuwa na la kujibu. Sheria inayoadhibu uongo na kuuacha ukimya humfundisha tapeli kunyamaza. Wahenga walishasema, simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Mwaka 1896 ukaja uamuzi ambao kila mwanafunzi wa sheria anaujua, wa Salomon dhidi ya Salomon. Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu, aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoiunda mwenyewe. Wanahisa walikuwa saba: yeye, mkewe na watoto wao watano. Kampuni ilipofilisika, Baraza la Malodi liliamua kwamba kampuni ni nafsi inayojitegemea, na kwamba Salomon hawajibiki kwa madeni yake. Wadai wasio na dhamana hawakupata kitu, na Lodi Macnaghten aliona kwamba hawakuwa na wa kumlaumu isipokuwa nafsi zao. Kisheria uamuzi huo unasimama. Lakini wadai hao wangesoma wapi hali ya kampuni kabla ya kuikopesha? Sheria ilikuwa haijaitaka iweke mizania yake kwa msajili.

Sheria ya 1907 ilijibu swali hilo nusu tu. Iliagiza mizania iambatane na taarifa ya mwaka, lakini ikazisamehe kampuni binafsi, yaani zile hasa zilizofanana na ya Salomon. Msamaha huo ulipunguzwa mwaka 1948, ukaondolewa mwaka 1967. Tangu hukumu ya Salomon hadi hapo ilikuwa imepita miaka 70.

Sisi tuliipokea sheria hii katikati ya safari yake. Sheria ya Makampuni ya Tanganyika ya 1932 iliigwa kutoka ile ya Uingereza ya 1929, ambayo bado ilikuwa na msamaha huo. Tuliendelea kuitumia hadi Sheria ya Makampuni ya 2002 ilipoanza kazi mwaka 2006. Tulirithi fomu, mihuri na kinga, lakini hatukurithi kumbukumbu ya sababu zake. Ndiyo maana afisa wa serikali anaweza kuiona taarifa ya mwaka kama chanzo cha ada, na mkurugenzi akaiona faini ya kuchelewa kama gharama nyingine ya biashara.

Hapa kuna jambo ambalo wenye kutunga na kusimamia sheria wanapaswa kulizingatia. Ukiitoza faini kampuni iliyo hoi, unawatoza wadai wake: mkulima aliyeuza mazao kwa mkopo, kibarua anayesubiri mshahara. Aliyenyamaza halipi hata senti. Uingereza imelitambua hilo. Chini ya sheria yake ya 2006, kampuni hutozwa faini ya kuchelewa, na kando ya hapo kila mkurugenzi anakabiliwa na kosa la jinai, labda athibitishe kwamba alichukua hatua zote za busara kuhakikisha hesabu zinafika kwa wakati.

Wapo watakaosema kwamba wajibu huu unawaonea wafanyabiashara wadogo. Hoja hiyo ina uzito, na ni haki hesabu za kampuni ndogo ziwe fupi na nafuu kuandaa. Lakini hakuna anayelazimishwa kuunda kampuni. Muuza duka anayefanya biashara kwa jina lake hana ngao. Mali yake yote iko mbele ya wadai wake. Anayeichukua ngao na awaonyeshe watu anachokificha nyuma yake.

Neno la mwisho ni kwa vijana mnaoombwa na ndugu au rafiki muazime jina ili idadi ya wakurugenzi itimie. Ukurugenzi wa jina tu haupo kisheria. Siku hesabu zisipofika, jina litakalosomwa kwenye daftari la Msajili ni lako. Kabla ya kutia saini, ulizeni nani anatunza vitabu, nani anavikagua, na taarifa ya mwaka jana ilipelekwa lini. Asiyeweza kuwajibu hastahili saini yenu.