Saa Moja Hadi Saa Kumi na Moja: Uso wa Amplifaya ya Lusewa

Mwaka juzi nilitakiwa kutafsiri maneno matano. Nimewahi kutafsiri vitabu, mikataba, na hata wasia wa marehemu, lakini sijapata kazi fupi iliyonisumbua kama ile. Aliyeniomba ni fundi redio wa Lusewa, mkoani Ruvuma, mtu ambaye mpaka leo hatujaonana kwa macho. Alikuwa ameunda amplifaya ya gitaa kwa ajili ya kwaya ya kijijini kwao, inayotumia betri ya gari ya volti 12. Mashine ilikuwa tayari inalia. Kilichokosekana ni uso.

Uso, kwa maana yake na yangu, ni lile bamba la mbele lenye matundu ya vitufe vya kuzungusha, ambavyo mafundi huviita nobu, pamoja na maandishi yanayomweleza mpigaji kila nobu inafanya nini. Bila bamba hilo amplifaya ni sanduku lenye vijiti vitano vilivyotokeza nje, na aliyeiunda pekee ndiye anayejua siri yake.

Lusewa ilikuwa ndani ya wilaya ya Songea hadi Namtumbo ilipofanywa wilaya mwaka 2002. Sisi watu wa visiwani tukisikia Songea hukumbuka Vita vya Maji Maji, kisha tukanyamaza. Tunasahau kwamba nchi ile ina mapokeo marefu ya ufundi wa mkono. Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898. Misheni yao ikachomwa moto katika vita vya 1905, ikajengwa upya, na baadaye pakawa na karakana za mbao na chuma, na kiwanda cha kupiga chapa. Kwa hiyo kijana wa huko anayekata bati kwa tupa na kupima herufi kwa rula hajaanza jambo geni.

Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Pwani hatupendi uso mtupu. Msikitini Kizimkazi maandishi ya Kikufi yamechongwa kwenye jiwe tangu mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Vizingiti vya milango ya Mji Mkongwe vimebeba aya, na kanga haiwi kanga mpaka isemwe jina lake. Jambo la kushangaza ni kwamba vyombo vya muziki wa umeme vilipotufikia, tuliviacha viseme lugha ya walikotoka. Bendi zetu za dansi zilibadilisha majina kila mwenye vyombo alipobadilika: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Hata hivyo, maneno yaliyokuwa chini ya vidole vya wapigaji hayakubadilika. Vijana wa mchiriku wa Dar es Salaam nao, kama wale wa Jagwa Music walioanza Mwananyamala mwaka 1992, walipitisha vinanda vidogo vya Casio katika amplifaya kuukuu na vipaza sauti vya pembe, wakazaa mlio ambao haukuwa wa Ulaya wala wa mtu mwingine yeyote. Sauti waliigeuza ikawa yao. Uso walibaki nao ule ule.

Basi fundi akaniambia tatizo lake. Wazee wa kwaya walitaka bamba liandikwe jina la kampuni ya ng'ambo, ili wageni wakija wasidhani kwaya imepiga kitu cha kuokoteza. Yeye alikataa. "Shikamoo mzee," alisema siku ya kwanza, na bila kungoja niitikie akaendelea, "mimi nimeunda, halafu niandike jina la mtu ambaye hata screwdraiva yangu hajaishika?" Nikamwahidi kumpatia Kiswahili fasaha.

Nilijifungia na makamusi, ikiwamo ile ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, nikampelekea: Ukubwa wa Sauti, Uzito, Ukati, Wembamba, Mwangwi. Jibu lilikuja jioni ile ile. "Ukubwa wa Sauti" haukuenea kwenye bamba. "Uzito" watu wangedhani ni kilo. "Ukati" alicheka. Mwangwi aliukubali, kwa sababu kila mtoto wa bondeni anaujua.

Nikajaribu tena: Chini, Kati, Juu. Hapo nikajiona hodari, maana ni maneno mafupi na kila mtu anayajua. Fundi akaniuliza swali lililonifedhehesha: "Mzee, mtu akikwambia imba kwa sauti ya juu, unafanya nini?" Kweli. Sauti ya juu kwa Kiswahili ni ile nyembamba ya wanawake, na ni ile kubwa ya kelele vilevile. Mpigaji angeizungusha Juu akitaka kelele, akapata mlio wa kukata masikio. Miaka yote niliyotunga mashairi sikuwahi kuona kwamba neno hilo lina mlango wa mbele na wa nyuma.

Dawa aliipata mwenyewe, na aliipata kwaya. Wanakwaya wetu hawasemi soprano wala besi wanapogawana. Husema sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya kwanza ni nyembamba kuliko zote, ya nne ni nene. Basi nobu ya mlio mzito ikaandikwa YA NNE, ya mlio mwembamba YA KWANZA, na iliyo baina yao ZA KATI. Mwalimu wa kwaya alinung'unika kwamba ya nne ni watu, si umeme. Mimi naona hapo ndipo neno lilipopata uhai.

Zikabaki tarakimu. Hapa inafaa kusema kidogo juu ya wakubwa wa kazi hii. Fender Bassman ya Marekani, ile ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ilihesabu mpaka 12. Jim Marshall wa London alipoinakili mwaka 1962 hakuifuata katika hilo. Amplifaya za Marshall zikazoeleka kwa sifuri hadi 10. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1969 nyuso zake zilikuwa za plastiki angavu iliyoandikwa kwa nyuma na kupakwa rangi ya dhahabu, ndiyo maana vidole havikufuta herufi. Na mwaka 1984 ilitoka filamu ya mzaha, This Is Spinal Tap, ambamo mpiga gitaa anajisifu kuwa amplifaya yake inafika 11, na dunia ikacheka. Hesabu hizo ni desturi tu. Namba 5 haina maana ya nusu ya sauti: katika nobu nyingi za sauti, ukifika katikati ya mzunguko, kifaa kilicho nyuma kinapitisha takriban sehemu moja tu ya kumi, kwa kuwa sikio la binadamu hupima kwa uwiano, halipimi kwa kujumlisha.

Nikamwuliza fundi, wapigaji wako huelekezanaje? Akanijibu kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake: "Kwa saa. Nawaambia weka saa nne, weka saa sita."

Msomaji, chukua saa yako ya ukutani. Nobu ya kawaida huzunguka nyuzi 300. Huanzia chini kushoto, pale Mzungu anaposoma saba, na huishia chini kulia, anaposoma tano. Kwetu pale pa kuanzia ni saa moja, na pa kuishia ni saa kumi na moja. Ukiielekeza juu wima, ni saa sita kamili. Kifaa kilichobuniwa na watu wasiojua neno moja la Kiswahili kinaanza pale siku yetu inapoanza, kinapanda mpaka adhuhuri, kisha kinashuka mpaka alasiri inapokwisha. Hatua kumi, kila moja nyuzi 30, sawasawa na hatua za saa. Fundi hakuhitaji tarakimu ngeni. Alihitaji kuandika 1 hadi 11 na kuliacha tundu la saa kumi na mbili, ambako nobu haifiki. Ile 11 iliyochekesha sinema, Lusewa ni saa ya kufunga kazi.

Vipimo tulivifanya kwa simu. Bamba urefu wake sentimita 30, upana sentimita 6, matundu ya milimita 10. Tarakimu zikae kwenye duara lenye nusu kipenyo cha milimita 15; hapo kati ya saa moja na nyingine hupatikana karibu milimita 8, nafasi inayotosha hata 10 na 11 zisigusane, mradi herufi zisizidi milimita 3. Bati la alumini alilisugua kwa msasa upande mmoja tu, mistari yote ielekee kulia, ndipo likang'aa bila mikwaruzo. Juu yake akaweka kipande cha plastiki angavu, maandishi yakiwa nyuma yake, kwa mkono, kinyumenyume kama yanavyoonekana kwenye kioo.

Palipokuwa pakae jina la kampuni pakabaki patupu, sentimita kama 9. Akaniomba msitari. Nafasi ile haikuchukua mizani 16 ya shairi. Ilichukua 8, kipande kimoja tu. Nilitunga vingi vya kujigamba, nikavichana. Alichokiandika ni hiki: NIPANDISHE TARATIBU. Wazee wa kwaya, naambiwa, walikisoma mara mbili, wakakubali, kwa kuwa spika waliyokuwa nayo ilikuwa moja na kijana wao wa gitaa ana haraka.

Picha ilinifikia kwa simu. Ile S ya NIPANDISHE imegeuka, maana alisahau kuichora kinyume. Nilimwambia. Akasema plastiki ile aliingoja wiki tatu kutoka Songea mjini, na hairudii.