Ngome ya Mkwawa Kalenga: Ukuta hauonekani, lakini fuvu lipo

ZUZU, Dodoma. Mtu wa Zuzu anayetaka kuona ngome ya vita yenye jina kubwa nchini hana haja ya kwenda mpaka Pwani. Anashuka mjini Dodoma, anapanda basi la Iringa, na siku hiyohiyo anaweza kusimama mahali ambapo Mtwa Mkwawa alipigana na Wajerumani.

Mahali penyewe panaitwa Kalenga, kijiji kilicho kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, kando ya Mto Ruaha Mdogo, kwenye barabara ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Leo ni eneo la kihistoria lililohifadhiwa, lenye makumbusho madogo.

Ila mgeni ajiandae kwa jambo moja. Wengi wakifika huuliza: sasa ngome yenyewe iko wapi?

Ukuta ulienda wapi?

Jina "Iringa" linatokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome. Iringa ya kwanza ilikuwa hapa Kalenga, si pale mji ulipo leo. Ilikuwa makao makuu ya Wahehe, ikiwa imezungushiwa ukuta mrefu wa mawe na udongo, na ndani yake watu wakiishi.

Kwa vita vya mikuki na bunduki za kawaida, ukuta ule ulitosha kabisa. Tena Wahehe walikuwa na sababu ya kujiamini. Agosti 17, 1891, huko Lugalo, waliwavizia wanajeshi wa Kijerumani waliokuwa wakiongozwa na Emil von Zelewski, yule ambaye Waafrika walimpa jina la "Nyundo". Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wenzake kadhaa na askari wengi sana, na bunduki zao zikabaki mikononi mwa Wahehe.

Wajerumani hawakusahau. Oktoba 1894 walirudi wakiongozwa na gavana mwenyewe, Friedrich von Schele, safari hii wakiwa na mizinga. Oktoba 30 walishambulia na kuingia Kalenga. Simulizi za wenyeji husema mizinga ilipigwa kutoka kilima cha Tosamaganga, jirani na hapo, na kwamba ndiyo asili ya jina hilo lenye maana ya kurusha mawe. Ngome ilibomolewa. Mkwawa hakukamatwa.

Kwa hiyo anayekwenda akitarajia kuta ndefu kama za Ngome Kongwe ya Unguja au Fort Jesus ya Mombasa atavunjika moyo. Kalenga ni kijiji cha kawaida: nyumba, mashamba, watoto wanaotoka shule. Bila mwongozaji, mtu anaweza kupita juu ya historia yote hiyo asijue. Ndiyo maana ushauri wa kwanza ni kutozunguka peke yako. Mwongozaji wa makumbusho ndiye anayejua mstari wa ukuta ulipita wapi.

Fuvu lililotajwa kwenye Mkataba wa Versailles

Kinachowavuta wengi ni fuvu la kichwa lililowekwa ndani ya kasha la kioo, kwenye jengo dogo lenye pia silaha na vifaa vya zamani vya Wahehe.

Baada ya ngome kuanguka, Mkwawa alipigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne. Ofisa wa Kijerumani Tom von Prince, aliyeanzisha mji mpya wa Iringa mwaka 1896, alitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Julai 19, 1898, akiwa amezingirwa, Mkwawa alijipiga risasi. Wajerumani wakakikata kichwa chake na kuondoka nacho.

Sasa hapa ndipo mambo yanapokuwa makubwa kuliko kijiji. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliweka kifungu, namba 246, kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Yaani katikati ya hesabu za mipaka na fidia za Ulaya, kichwa cha kiongozi wa Wahehe kikapata mstari wake. Ujerumani ikasema haijui lilipo, na suala likalala kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1953 gavana Mwingereza wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya mji wa Bremen. Kulikuwa na mafuvu takribani 2,000. Yalichambuliwa yale yaliyotoka Afrika Mashariki, yakapimwa na kulinganishwa na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa, na likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Juni 19, 1954, Twining alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa.

Je, ni lenyewe kweli? Baadhi ya wanahistoria wana shaka, wakisema kulinganisha vipimo vya vichwa si ushahidi unaotosha. Wengine wanaongeza kwamba Waingereza walihitaji kupendwa na Wahehe wakati ule, hasa vita vya Mau Mau vikiwa vinaendelea Kenya. Kwa familia na Wahehe wengi, hata hivyo, mzee wao alirudi nyumbani, na mgeni anatakiwa kuingia kwa heshima inayostahili msibani. Uliza kwanza kabla ya kutoa simu kupiga picha.

Nje ya makumbusho kuna makaburi ya familia, likiwemo la Adam Sapi mwenyewe. Watu wa Dodoma wana sababu ya kusimama hapo kidogo: ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Spika wa Bunge nchini, kuanzia 1962, na alikikalia kiti hicho, kwa vipindi viwili, hadi 1994.

Jinsi ya kufika kutoka Zuzu

Kutoka Zuzu, panda daladala hadi mjini, kisha nenda Stendi Kuu ya Nanenane kutafuta basi la Iringa. Ni kilomita kama 260, lami tupu, kupitia Fufu, Mtera na mlima Nyang'oro. Mtera wengi hununua samaki. Vuta subira ununue wakati wa kurudi. Nyaya kubwa za umeme zinazoingia kituo cha Zuzu nazo zinatoka upande huohuo wa Iringa.

Ondoka alfajiri. Ukichelewa utafika Kalenga jioni, na hapo italazimu kulala Iringa, jambo ambalo si baya: mjini kuna Boma la Iringa, jengo lililojengwa na Wajerumani mwaka 1914 kama hospitali ya jeshi, ambalo sasa ni makumbusho. Beba sweta. Mwezi Juni na Julai baridi ya Iringa si ya mchezo kwa mtu aliyezoea jua la Dodoma.

Kutoka Iringa mjini zipo daladala za Kalenga, na bodaboda pia. Weka salio la kutosha kwenye simu kwa ajili ya kiingilio, na utenge kitu kidogo cha kumshukuru mwongozaji.

Mwenye siku ya pili na usafiri wake anaweza kuendelea na barabara hiyohiyo ya Ruaha hadi Mlambalasi, kilomita kama 50 kutoka Iringa. Huko ndiko Mkwawa alikofia, na ndiko mwili wake ulikozikwa, bila kichwa.