Tanga Limebaki: Vyombo vya Pwani Kutoka Uzi wa Kumbi Hadi Injini

Mvua ikikaza Muthetheni, Ukambani, maji ya mashamba ya Mwala huteremka hadi Mto Athi. Mto huo hubadilisha majina njiani, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, hadi unapoingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Wavuvi wa huko huiona bahari ikigeuka nyekundu kwa udongo wa bara. Kabla ya reli, njia ya kuelekea pwani ilikuwa pia njia ya biashara. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishusha pembe za ndovu hadi Mombasa, ikarudi na vitambaa, ushanga na waya wa shaba. Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmishonari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa zama hizo. Kutoka Mombasa, pembe zilipakiwa majahazini.

Vyombo hivyo vilikwenda kwa vifaa vichache: mlingoti, foromali, tanga, usukani, nanga, kamba na akiba ya maji. Mtu wa leo akiambiwa, anaweza kudhani mafundi wa pwani walikuwa wagumu wa kubadilika. Historia yao haisemi hivyo. Walipokea mambo mapya mara nyingi, na kilichodumu mikononi mwao ni kile ambacho baharia aliweza kukitengeneza mwenyewe, chombo kikiwa kimelazwa mchangani maji yametoka.

Mfano ulio wazi ni mtepe, chombo cha Pate na visiwa vingine vya Lamu. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilitobolewa kwa keekee, zikashonwa kwa kamba za kumbi la nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba uliosukwa kwa majani ya mnazi au mkindu. Ufundi huo ni wa kale sana. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii, na watu wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliandika habari za vyombo vilivyoungwa kwa kamba, vyenye matanga ya mikeka.

Kushona kulikuwa na faida ambayo msumari hauna. Mtepe ukigonga mwamba au ukipwelewa, mbao hucheza kidogo, hazipasuki. Uzi ukichakaa, hushonwa upya, na nazi zipo kila kijiji. Lakini taabu ilikuwepo pia. Maji yalipenya kwenye matundu, na kazi ya kuyakumba haikuisha. Mkeka ulivuta vizuri upepo ukiwa nyuma, ila ulishindwa kukata upepo wa mbele. Msumari wa chuma ukaingia, likaingia na tanga la kitambaa lenye pembe tatu, ambalo hukiwezesha chombo kwenda bisho. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930, mitepe ilikuwa imekwisha kutoweka. Huko Zanzibar, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mafundi walijenga mmoja wa maonyesho, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib.

Ni kweli kwamba kitu chenye thamani kilipotea. Hata hivyo, msumari haukumfanya fundi wa Lamu awe mtumwa wa mtu mwingine. Mhunzi alikuwa karibu, na mapengo ya mbao yaliendelea kuzibwa kwa pamba na mafuta ya papa, kazi inayoitwa kukalafati. Tezo ilibaki ileile, mataruma, yaani mbavu za chombo, yakaendelea kuchongwa kwa miti iliyopinda yenyewe, na vipimo vikabaki kichwani mwa fundi.

Mwishoni mwa 1938 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alipanda jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Meli za Ulaya zilikuwa zimeshaacha matanga karibu zote. Bayan ilishuka na kaskazi kutoka Aden, ikapita Mombasa na Zanzibar, ikaenda delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha ikarudi nyumbani kwa kusi. Haikuwa na injini. Ilibeba watu na mzigo katika safari ya miezi kwa upepo mtupu, na Villiers akaisimulia katika kitabu kilichotoka mwaka 1940.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mambo yaligeuka upesi. Fedha za mafuta ziliingia Ghuba, majahazi ya huko yakafungwa injini, na mabaharia wengi wakahamia kazi za nchi kavu. Kenya nayo ilipopiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi mwaka 1982, Lamu ikapoteza shehena ya karne nyingi.

Injini ni msaada wa kweli, na asiyewahi kukaa baharini saa nyingi upepo umekufa, samaki wakianza kunuka, asiidharau. Mgonjwa wa Kiwayu au Kizingitini, visiwani Lamu, hufika hospitali mapema kwa sababu yake. Ila injini ilikuja na masharti ambayo msumari haukuwa nayo. Ile ya ndani hutaka nyuma ya chombo itobolewe kwa ajili ya mhimili wa rafadha, na mtetemo wake hulegeza kalafati. Ile ya kuning'inizwa hutaka tezi bapa. Zote hutaka petroli au dizeli, na vipuri ambavyo haviokotwi ufukweni. Ndiyo maana vyombo vingi vya Lamu vimebakiza mlingoti na tanga hata baada ya kupata injini. Kamba ya nailoni ilikubaliwa bila ubishi kwa kuwa haiozi upesi na hufungwa kwa mafundo yaleyale ya kumbi.

Hata plastiki imepitia mikono hiyo. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake wa Lamu walishusha majini Flipflopi, dau la urefu wa mita 9 hivi, lililojengwa kwa taka za plastiki tani 10 na kupambwa kwa malapa 30,000 yaliyookotwa. Mapema mwaka 2019 lilisafiri kilomita 500 hivi hadi Zanzibar. Mali ghafi ilikuwa mpya kabisa, lakini umbo, tanga na namna ya kuunga mkuku na mataruma vilikuwa vya Lamu.

Katika mashindano ya mashua ya Tamasha la Utamaduni la Lamu, kinachoshindaniwa ni ufundi wa tanga. Mabaharia hujipanga kwenye ubao uliotokeza ubavuni ili kusawazisha chombo, nahodha akisoma upepo wa mlango kati ya Lamu na Manda. Mashindano yakiisha, mashua hurudi kwenye kazi za kila siku, kubeba abiria, samaki, mchanga na mawe ya kujengea kutoka Manda.