Uwajibikaji wa kifedha katika mashirika ya wapangaji wa makazi duni, Nairobi

Ni wajibu wa mashirika yasiyogawa faida, yanayowasaidia wapangaji wa makazi duni, kueleza fedha zao zimetoka wapi, zimetumikaje na nani ana haki ya kuzihoji. Mjini Nairobi jambo hili lina uzito wa pekee. Wakazi wengi wa Kibera, Mathare na Mukuru ni wapangaji, na kila mwezi hulipa kodi kwa mwenye kibanda ambaye mara nyingi naye hana hati ya ardhi. Shirika likipewa fedha za kuboresha kijiji, swali la kwanza ni nani atakayenufaika: aliyejenga kibanda cha mabati au anayelala ndani yake.

Miongoni mwa taasisi za siku nyingi ni Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973 ili kuwapa maskini msaada wa kisheria. Muungano wa Wanavijiji ulizaliwa mwaka 1996 katika mapambano dhidi ya ubomoaji. Pamoja Trust ilifuata baadaye ikiwa shirika la kuupa Muungano msaada wa kitaalamu, kisha mwaka 2003 ukaundwa mfuko wa Akiba Mashinani Trust, unaovikopesha vikundi vya Muungano kwa ajili ya ardhi na nyumba.

Fedha zinazopita katika taasisi za namna hii ni za aina mbili, na hatari kubwa huanza pale zinapochanganywa. Aina ya kwanza ni ruzuku ya mfadhili, ambayo huja na masharti na bajeti na lazima itumike kwa kazi iliyotajwa. Aina ya pili ni akiba ya wanachama wenyewe: shilingi za mama lishe, kibarua wa viwandani na mfua nguo. Akiba haihesabiwi kuwa mapato ya shirika. Ni deni ambalo shirika au kikundi kinadaiwa na kila mwanachama, na katika vitabu sharti lionekane hivyo. Anayelipa mishahara kwa akiba huku akingoja ruzuku iliyochelewa amekopa bila kuomba, hata kama anakusudia kuirudisha.

Utaratibu wa kuweka akiba kidogo kidogo ulienea Nairobi kupitia uhusiano na wanawake wa Mahila Milan wa India, ndani ya mtandao wa Slum Dwellers International ulioundwa mwaka 1996. Mkusanyaji huandika kiasi alichopokea katika kitabu cha mwanachama na katika daftari la kikundi, na maandishi hayo mawili yanapaswa kulingana. Mweka hazina hupeleka fedha benki, na watu wengine, wasiozishika fedha hizo, hukagua. Hesabu husomwa kwa sauti mbele ya kikao, katika lugha ambayo kila aliyehudhuria anaielewa. Huo ni ukaguzi kamili, na katika jambo moja unaushinda ule wa mhasibu wa kulipwa: anayesikiliza anajua kwa hakika kama jana alitoa shilingi ishirini au hamsini.

Mfano unaostahili kuelezwa ni Kambi Moto, kimojawapo cha vijiji vya Huruma. Mwaka 2003 wakazi walifikia makubaliano na Halmashauri ya Jiji, iliyokuwa mwenye ardhi, ili wajenge nyumba za kudumu. Kabla ya hapo walijiorodhesha wenyewe, nyumba kwa nyumba, kisha wakakubaliana kwamba mpangaji na mwenye kibanda wapate haki sawa ya nyumba moja moja. Tangu hapo orodha ya wakazi ikawa sehemu ya hesabu. Jina la mpangaji likifutwa na la ndugu wa kiongozi likaingizwa, vocha zote zaweza kuwa safi na bado nyumba imeibwa. Mkaguzi anayeishia kwenye risiti hataugundua wizi huo. Ndiyo maana orodha inastahili kubandikwa hadharani na kuhakikiwa na majirani.

Kwa upande wa sheria, mashirika haya kwa muda mrefu yalisimamiwa na Sheria ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 1990. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilitiwa saini Januari 2013 lakini haikuanza kutumika hadi tarehe 14 Mei 2024, baada ya zaidi ya miaka kumi na moja ya kuahirishwa. Inayataka mashirika yaweke vitabu vya hesabu na kuwasilisha ripoti kwa mamlaka ya usimamizi. Hata hivyo vikundi vidogo vya akiba kwa kawaida huwa nje yake. Vinaangukia Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022.

Pengo kubwa liko katika mwelekeo wa ripoti. Ripoti hupanda juu kwa serikali na kwa mfadhili, mara nyingi kwa Kiingereza cha kihasibu, wakati mpangaji aliyetajwa ndani yake kuwa mnufaika hana nakala. Kesi za makazi huzidisha ugumu huo, kwa kuwa huchukua miaka. Shauri la wapangaji wa Muthurwa dhidi ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli lilifunguliwa mwaka 2010 na kuamuliwa mwaka 2013, muda ambao ruzuku nyingi za miradi huwa zimekwisha. Shirika linalopokea kesi ya aina hiyo linapaswa kuwaambia wapangaji mapema ni nani atakayegharimia rufaa.

M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imepunguza fedha taslimu mikononi mwa wakusanyaji na kuacha alama ya kila malipo. Lakini michango ikitumwa kwenye laini binafsi ya mweka hazina, huchanganyika na fedha zake za nyumbani, na akifariki au akigombana na kikundi huwa vigumu kuzitoa. Namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, pamoja na saini zaidi ya moja za kutolea benki, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Linalobaki ni la mpangaji anayehama. Aliyebomolewa kibanda Mukuru huenda akahamia mtaa mwingine bila kuaga, huku kitabu chake kikipotea katika vurugu. Kikundi kinachojali huhifadhi jina lake, salio lake na namba ya ndugu yake, na hakigawi fedha zake kwa waliobaki.