Stempu za Marki Tano

Tarehe 26 Mei 1938, karibu na mji mdogo wa Fallersleben, Adolf Hitler aliweka jiwe la msingi la kiwanda cha magari. Gari lililobuniwa na Ferdinand Porsche akalipa jina papo hapo: KdF-Wagen, kwa heshima ya idara ya chama cha Nazi iliyowapangia wafanyakazi likizo na burudani. Bei yake marki 990. Wenye viwanda vya magari walijua fika kwamba kwa bei hiyo ni hasara tupu, lakini nani angethubutu kusema?

Aliyelitaka gari alichukua kadi, akawa ananunua stempu ya marki tano kila wiki na kuibandika. Akifikisha marki 750, anapewa namba ya foleni. Riba hakuna, na kujitoa ukarudishiwa chako ilikuwa kazi kwelikweli. Watu wapatao 336,000 walijiandikisha, wengi wakiwa watu wa maofisini wenye kipato cha kati. Mfanyakazi wa kiwandani, ambaye picha za matangazo zilimwonyesha akitabasamu, hakuimudu hata hiyo stempu.

Kwa nini hakuimudu? Turudi nyuma miaka mitano. Mei Mosi ya 1933 Hitler aliifanya sikukuu ya taifa, watu wakapumzika kwa malipo. Kesho yake ofisi za vyama vya wafanyakazi zilivamiwa, viongozi wakakamatwa, mali zikaishia kwa Deutsche Arbeitsfront, jumuiya ya Kinazi iliyoongozwa na Robert Ley. Kupanga mishahara wakaachiwa maofisa walioteuliwa na serikali, na kugoma hakukuwezekana tena. Viwango vya ujira vikagandishwa pale vilipokuwa vimeangushwa na mdororo wa uchumi. Jumuiya hiyohiyo ya Ley ndiyo iliyojenga kiwanda, na sehemu ya mtaji ilitokana na mali zilizoporwa kwa vyama. Yaani mfanyakazi alinyang'anywa michango yake, kisha akaombwa aweke akiba upya.

Wanaousifu uchumi wa Hitler hukimbilia ajira: mwanzoni mwa 1933 Ujerumani ilikuwa na watu wapatao milioni sita wasio na kazi, na miaka michache baadaye viwanda vikawa vinatafuta watu. Ni kweli. Lakini kazi ya kutengeneza nini? Kwa kiasi kikubwa, silaha, nazo zililipiwa kwa ujanja. Hjalmar Schacht, gavana wa Benki Kuu, alisimamia Mefo, kampuni ya mfukoni yenye mtaji wa marki milioni moja tu. Viwanda vya silaha viliiandikia hati za madai, na Benki Kuu ikaahidi kuzilipa. Deni halikuonekana kwenye bajeti. Kufikia 1938 hati hizo zilikuwa zimefika marki bilioni 12. Januari 1939 Schacht na wenzake walimwandikia Hitler kumwonya juu ya mfumuko wa bei, akamfukuza.

Hapo ndipo stempu ile inapoeleweka. Nchi inapotengeneza vifaru badala ya bidhaa za nyumbani, fedha mikononi mwa watu hupandisha bei. Heri ziende kwenye kadi. Mimi naiita kodi, japo haikuitwa hivyo.

Vita vilipoanza kiwanda kikageukia magari ya jeshi, yakitengenezwa na maelfu ya watu waliolazimishwa kazi, wakiwamo Wapolandi, Wasovieti na wafungwa wa kambi za mateso. Waweka akiba waliendelea kubandika stempu. Hakuna hata mmoja wao aliyekabidhiwa gari. Machache ya kiraia yaliyotengenezwa yaliishia kwa wakubwa. Mwaka 1945 fedha zao, zilizokuwa benki mjini Berlin, zilichukuliwa na Wasovieti.

Waingereza walikifufua kiwanda, na gari lile likasambaa duniani kwa jina la Volkswagen. Huku kwetu Afrika Mashariki lilishinda mbio za magari za Coronation Safari mwaka 1954. Wakati huo wenye kadi walikuwa mahakamani. Kesi ilimalizwa kwa mapatano mwaka 1961: punguzo lisilozidi marki 600 kwa atakayenunua Volkswagen mpya, au marki 100 taslimu.