Ultrasaundi na Utumbo

Ultrasaundi, ambayo wengi huijua kama kipimo cha wajawazito, ilianza kwa kiasi kikubwa na utumbo. John Wild, daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, aliwatibu majeruhi wa mabomu jijini London wakati wa Vita Kuu ya Pili, baadhi yao matumbo yamejaa gesi na kuvimba. Baada ya vita alihamia Minnesota, Marekani, akawa anatafuta namna ya kupima unene wa ukuta wa utumbo. Mashine aliyoipata haikuwa ya hospitali hata kidogo: ilikuwa ya jeshi la majini, ya kuwafundishia marubani kusoma rada, nayo ilifanya kazi kwa kurusha mawimbi ya sauti ndani ya maji. Mwangwi ulimwonyesha unene wa utumbo na hata tabaka zake. Alichapisha matokeo mwaka 1950.

Hata hivyo, utumbo uliwekwa kando. Kazi ya daktari wa uzazi Ian Donald na wenzake wa Glasgow, iliyotoka mwaka 1958, iliipeleka ultrasaundi kwenye uzazi, na madaktari waliamini kuwa gesi ya tumboni huzuia mawimbi yasipite. Wagonjwa wa Crohn, ugonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo ulioelezwa New York mwaka 1932, waliendelea kunyweshwa bariamu na kupigwa eksirei. Baadaye ikaja kolonoskopia, yaani kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana, inayotanguliwa na dawa ya kuharisha na ambayo huona ngozi ya ndani tu, ilhali Crohn hushambulia ukuta mzima.

Mwaka 1986 daktari Julien Puylaert wa Uholanzi, akichunguza kidole tumbo, alionyesha kwamba kukandamiza tumbo taratibu huisogeza gesi. Ujerumani na Italia zilitangulia kuitumia ultrasaundi kwa uvimbe sugu wa utumbo, na si ajabu: Ujerumani daktari wa tumbo hushika kifaa mwenyewe. Ukuta mzima wa utumbo kwa kawaida hauzidi milimita 3. Unaougua hunenepa, tabaka zake hufifia, na Dopla, aina ya ultrasaundi inayopima mtiririko wa damu, huonyesha damu nyingi ikipita.

Utafiti wa Kijerumani wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 234 wa Crohn, ulionyesha kuwa matibabu yakifaulu, ukuta hupungua unene ndani ya miezi mitatu. Hata hivyo, rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo iliyojificha ndani ya nyonga, bado ni ngumu kuiona kwa njia hii. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 kuhusu malengo ya tiba ya uvimbe sugu wa utumbo uliutambua uponaji wa ukuta mzima kuwa kipimo cha nyongeza, lakini haukuufanya lengo rasmi la tiba.