Upepo Kwanza, Injini Baadaye

Mara ya kwanza nilipoenda Marsabit kwa nduthi, nilikuwa na cc 150, mkoba mgongoni na kiburi cha mtu aliyezoea Ngong Road. Kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 500, lami tupu siku hizi. Mpaka Isiolo nilikuwa bado naimba ndani ya helmeti. Karibu na Laisamis upepo wa ubavuni ukanishika, na kwa saa mbili zilizofuata nikaendesha pikipiki ikiwa imeinama kushoto ili iende mbele. Nilifika kwa mama giza limeshaingia, vidole havikunji. Alinifungulia kamba ya helmeti kama anavyomvua mtoto sweta ya shule.

"Usinijie tena na hiyo kitu," akasema.

Lakini lazima nimwendee. Mama ana miaka 71, magoti yake yalishakataa basi la usiku, na kati yetu watoto wanne mimi ndiye mwenye likizo za kueleweka. Basi lipo, najua. Ila basi lina saa zake na mimi nina zangu, na sitasema uongo hapa: naipenda barabara. Kwa hivyo nikaanza kuweka akiba ya pikipiki kubwa, na kila niliyemwuliza ushauri alianza na swali moja. Cc ngapi? Inafika ngapi?

Nikachoka na swali hilo, nikaanza kusoma historia. Huko nikakuta kwamba watu walikosea hapo hapo ninapokosea, karibu miaka 50 iliyopita.

Turudi 1969. Honda wanaleta CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, bei ambayo kijana mwenye kazi angeweza kuifikiria. Mwaka 1972 Kawasaki wanajibu kwa Z1 ya cc 903, nguvu za farasi 82. Ghafla mtu wa kawaida anaweza kununua pikipiki inayopita kilomita 200 kwa saa. Tatizo ni kwamba mtu mwenyewe alikuwa bado yuleyule, ameketi wima juu ya usukani mpana, kifua wazi, shingo ikivutwa nyuma. Nguvu ya upepo haipandi pole pole pamoja na mwendo. Ukienda mara mbili ya kasi, upepo unakusukuma mara nne. Z1 ingeweza kukimbia kutwa nzima, lakini aliyeipanda alikuwa amekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Ujerumani shida hii ilionekana vizuri kuliko kwingine, kwa sababu barabara zao kuu zina sehemu ndefu zisizo na kikomo cha kasi. Na BMW walikuwa na shida ya ziada. Injini yao, ile ya silinda mbili zilizotoka nje kulia na kushoto kama masikio, isingeweza kushindana na Wajapani kwa nguvu. Mwaka 1973 walitoa R90S, mbunifu akiwa Hans Muth, yenye kikinga upepo kidogo juu ya taa. Ilikuwa nzuri na yenye mwendo. Mwaka 1976 ilishinda Daytona, Marekani. Bado farasi wake walikuwa 67 tu.

Basi wakaacha kufukuzana na farasi, wakaanza kushughulika na hewa.

Muth na wenzake walipeleka kazi yao Italia, kwenye handaki la upepo la Pininfarina, wale wabunifu wa magari. Handaki la upepo ni chumba chenye feni kubwa mno: unafunga chombo chako, unawasha upepo, unapima unavyokisukuma na kukiinua. Kuinua ndiyo habari yenyewe. Kwenye kasi kubwa hewa hunyanyua gurudumu la mbele, likawa jepesi, na pikipiki ikaanza kutikisa kichwa. Kilichotoka humo, mwisho wa 1976, kiliitwa R100RS: cc 980, farasi 70, tangi la lita 24, shafti badala ya cheni, na mbele ganda kamili lililomfunika mwendeshaji kuanzia miguu hadi kifua.

Makampuni mengine yalikuwa yamegusa wazo hilo. Vincent wa Uingereza walitoa Black Prince mwishoni mwa 1954, pikipiki iliyofunikwa karibu yote, wakiwa na ndoto ya muungwana anayefika kazini suti ikiwa safi. Wanunuzi waliitazama kama mtu aliyekuja harusini na gumboots, na mwaka uliofuata Vincent wakaacha kabisa kutengeneza pikipiki. Marekani, Craig Vetter aliuza maganda ya kufungia pikipiki uliyokuwa nayo tayari. Lakini R100RS ndiyo ya kwanza kutengenezwa kwa wingi na ganda kamili kutoka kiwandani, pikipiki na ganda vikiwa vimefikiriwa kama kitu kimoja.

Nilipofika hapa nilisimamisha kusoma, nikakumbuka Laisamis. Ganda la R100RS halikufungwa kwenye usukani. Lilifungwa kwenye fremu. Ukifunga kioo kwenye usukani, kila upepo wa ubavuni unashika kile kioo na kukusaidia kupiga kona ambayo hukuitaka. Ukikifunga kwenye fremu, upepo unasukuma pikipiki nzima, usukani unabaki mikononi mwako. Nduthi yangu ya cc 150 ilikuwa na kioo cha plastiki nilichokifunga mwenyewe kwenye usukani, mtaani, kwa mia saba. Nilikuwa nimelipa hela zangu ili upepo unishike vizuri zaidi.

Na upepo wa huko si wa kuchezea. Kaunti ya Marsabit ndiko waliko na zile mashine 365 za umeme wa upepo, upande wa Ziwa Turkana, megawati 310. Hao watu hawakuenda jangwani kutafuta mandhari.

Zile herufi RS nazo zina hadithi. Zamani BMW waliziweka kwenye pikipiki za mashindano, zikimaanisha mbio. Kwenye R100RS zikasomwa upya: safari na spoti. Hapo ndipo aina nzima ya pikipiki ilipopata jina, zile wapenzi wake wanaziita spoti-tura. Inakimbia kama ya mashindano ila unaweza kuikalia tangu asubuhi hadi jioni, na mzigo ukiwa nyuma.

Wajapani hawakukaa sana. Mwaka 1986 Kawasaki walichukua injini yao ya mbio, wakaipunguza ukali, wakaipa shafti na masanduku ya pembeni, wakaiita GTR1000. Mwaka huohuo Honda walitoa VFR750F, na hii ndiyo ninayoipenda kwa sababu ilizaliwa na aibu. Injini zao za V4 zilizotangulia zilikuwa zikila kemu, na jina la Honda, jina la kutoharibika, likaanza kuchekwa. VFR ikaja na kemu zinazoendeshwa kwa giya badala ya cheni, kazi ghali isiyo ya lazima sana, kana kwamba mtu ameambiwa nyumba yake inavuja akajenga paa la zege. Halafu 1990 ikafika ST1100, Pan European: tangi la lita 28, injini isiyolalamika, iliyopendwa na polisi na matarishi wa Uingereza. Watu wanaopanda pikipiki kwa mshahara hawanunui mapambo.

Ningekuwa naishi Munich, hadithi ingeishia hapa na ningenunua Pan European.

Lakini kuna Ted Simon. Mwaka 1973 mwandishi huyu aliondoka London kuzunguka dunia kwa Triumph ya cc 500, gazeti la Sunday Times likimdhamini. Ilimchukua miaka minne, na njia yake Afrika ilipita Kenya. Kwa vipimo vya leo pikipiki ile haikufaa hata kidogo: haina ganda, haina nguvu, ina matatizo ya kutosha. Ila alikuwa na uwezo wa kuifungua barabarani na kuifunga tena. Mwaka 2001, akikaribia miaka 70, alirudia safari kwa BMW kubwa zaidi, na akavunjika mguu hapahapa Kenya. Mguu ukapona, akaendelea.

Uzito nao una neno lake. ST1100 ikiwa na mafuta inapita kilo 300. Kutoka lami hadi boma la mama kuna kilomita nne za murram, na mvua ikinyesha ni udongo mweusi unaojaza magurudumu. Kilo 300 zikilala hapo, nitamwita nani?

Halafu spea. Serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, mwishoni mwa miaka ya 2000, nchi ilijaa nduthi, na pamoja nazo mafundi. Leo ukikwama Merille na cc 150, kuna kijana chini ya mti ana klachi keboo. Ukikwama na V4 ya kemu za giya, kijana huyohuyo atakuja, ataizunguka, ataipiga picha.

Ndiyo maana spoti-tura zenyewe zinafifia. Tangu Ewan McGregor na Charley Boorman walipozunguka dunia kwa BMW za GS mwaka 2004, kamera zikiwafuata, wanunuzi wamehamia kwa pikipiki ndefu za vumbi, hata wale ambao vumbi lao ni la parking ya mall. Nilicheka wengi wao. Kisha nikakumbuka zile kilomita nne.

Jumamosi iliyopita nilienda kuona Yamaha Tracer ya mitumba, cc 847. Si spoti-tura ya kizamani: imesimama juu kidogo, kiti chake ni cha safari, injini ina hasira ya mbio. Kioo chake ni kidogo kuliko nilivyotaka, lakini nilipoinama kuchungulia kinaposhikilia, ni juu ya dashibodi. Usukani ukigeuka, chenyewe hakigeuki. Na uzito, kilo 210 hivi, mimi na jirani tunaweza kuinua.

Muuzaji akaniuliza kama nataka kuiwasha. Nikamwambia bado, nataka kuikalia kwanza, dakika 45. Akadhani natania. Nilivaa helmeti, nikashika usukani, nikaweka miguu pale pa kuwekwa, nikatulia. Dakika ya 20 goti la kulia likaanza kusema kitu. Dakika ya 30 likanyamaza. Askari wa geti akaja na chai yake, akaniangalia kwa muda mrefu.

"Boss, unanunua ama unaota mizizi?"

Nikamwomba aniangalizie saa.